Viatu Viachwe Langoni

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu, fundi cherehani mkuu,

Pokea salamu nzito, nzito kiasi kwamba mbeba barua akilalamika mgongo, mwambie ni za mjomba. Mimi mzima kama chuma cha reli. Mwambie mama yako, dada yangu wa pekee, kwamba kaka yake anakula, analala, na ndevu zimeota upande mmoja, upande wa pili bado unangoja ruhusa. Miguu yake vipi? Bado inavimba jioni? Na ile sindano ya sukari, anajidunga mwenyewe au bado unamshikia mkono huku ukifumba macho? Paka wenu mwizi naye nisalimie, ingawa hajawahi kunisalimu.

Sasa sikia. Unakumbuka mlivyonicheka nilipoaga nikasema nimeitwa na watu wa Mungu nikawatengenezee vitanda? Ukasema, "Mjomba, hao watu wa Mungu wamekosa seremala kabisa?" Haya. Leo nakuandikia nikiwa kwenye karakana yangu mwenyewe, yenye dirisha la kioo, juu mlimani, mahali ambapo wenyewe wanapaita Jumuiya ya Mafungo. Watu wanatoka mbali kuja kufunga na kusali, huyu wiki, yule mwezi. Na wanalala juu ya nini? Juu ya mikono ya mjomba wako. Kila kitanda humu nimekipiga mimi, bila msumari kutokeza hata mmoja. Juzi kaja mchungaji mmoja mnene, tumbo linaingia mlangoni kwanza, yeye anafuata baada ya mazungumzo. Kalala kitandani kwangu, kaota anapaa. Asubuhi kanijia machozi yanamtoka. "Fundi, mbao hizi umezitoa wapi?" Nikamwambia, "Baba mchungaji, mbao ni za kawaida. Mkono ndio si wa kawaida."

Najua mnayagawa maneno yangu kwa mbili. Ni mama yako aliyeanzisha hesabu hiyo tukiwa watoto, hata siku niliyosema nyumba inaungua alimwaga nusu ndoo. Gaweni mpendavyo. Nusu itakayobaki bado ni kubwa kuliko ukweli mzima wa watu wengine.

Neno lenyewe ni hili. Nimeongea na Mama Mlezi, ndiye mkuu wa hapa, mwanamke wa sauti ya pole, akikwambia "karibu" unajiona umeshakaa. Amekubali mama yako aje kwa mafungo, bure kabisa, kwa heshima yangu. Chumba nimemchagulia mwenyewe: vitanda viwili, dirisha upande wa jua la asubuhi, hatua chache kutoka chooni. Utalala naye siku za mwanzo, akizoea urudi kwenye cherehani yako upumue. Usikatae, najua umechoka hata kama huandiki.

Mzigo uwe hivi. Blanketi zito, huku baridi inauma kama ina kisa nawe. Mashuka, hapa hayatolewi. Sahani moja, kikombe kimoja kila mtu. Sweta. Tochi. Biblia ya maandishi makubwa ile ya bibi yenu. Kioo msilete, hawapendi. Saa msilete, kengele ipo. Viatu vyovyote, kwa sababu vinaachwa langoni siku ya kwanza. Ndani wageni wote wanatembea peku, ardhi ni takatifu. Mimi tu ndiye ninayeruhusiwa viatu, kwa ajili ya misumari ya karakanani. Na viatu vyangu unavijua, mguu ambao kiwanda kilisimamisha kazi kuuangalia. Rafu ya kuwekea viatu vya wageni nimeitengeneza mimi. Ungeiona ungelia.

Barua niandikie kupitia duka la misumari lililo chini ya mlima. Mwenye duka ni rafiki yangu, anajiita Bwana Msumari, nashuka kwake kila nikiishiwa vifaa.

Ni mimi mjomba wako,
Fundi Randa, mlaza watakatifu


Tarehe 27 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua imefika, na mbeba barua hajalalamika mgongo. Mama hajambo, anakusalimu sana. Nilimsomea mara tatu. Kitanda cha mchungaji tulikigawa kwa kumi, lakini chumba chenye jua Mama alikataa kukigawa, akasema hicho akiache kizima. Paka ameiba tena, safari hii kwa jirani, kwa hiyo tunaishi kwa aibu lakini kwa amani.

Tangu siku hiyo Mama ana furaha ambayo sijaiona tangu Baba atutoke. Ameshusha begi la kahawia kutoka juu ya kabati, amelikung'uta, analipanga na kulipangua. Blanketi linaingia, sweta linatoka. Asubuhi nilimkuta amelala nalo pembeni kama mtoto wa mgeni. Anasema anataka akae mahali ambapo watu wanasali wasimuulize mguu.

Mguu unaendelea.

Nina maswali mawili tu, Mjomba, na uyajibu bila kuzunguka. Dawa yake ya sukari lazima ikae mahali pa baridi, asiikose hata siku moja. Huko kuna mahali pa kuiweka? La pili ni hilo la kutembea peku. Daktari amemkataza kabisa kukanyaga chini bila kiatu, akipata mchubuko hausikii, na usiposikika haupoi. Muombee ruhusa abaki na viatu vyake vya kitambaa, vile nilivyomshonea mimi. Ardhi takatifu haitaumia.

Mimi sijachoka. Nani kakwambia?

Mpwa wako


Tarehe 20 Machi

Mpwa wangu mwenye ulimi wa mkasi,

Salamu kwako, salamu kwa dada yangu na begi lake la kahawia. Mwambie begi lile nililibeba mimi kichwani siku ya harusi yake, huku nikicheza. Mimi niko imara. Wiki iliyopita niliingia karakanani nikakuta nyoka amejiviringisha kwenye mbao zangu, mnene kama bomba la maji machafu. Mtu mwingine angepiga yowe. Mimi nilichukua futi kamba nikampima. Alipoona anapimwa, akajua kitakachofuata ni msumeno, akaondoka kwa heshima. Gaweni.

Kazi imekuwa nyingi. Rafu ya viatu imejaa, nimeiongeza upande wa kushoto, imejaa, nimeiongeza na upande wa kulia. Sasa inapita ukuta mzima wa lango. Kuna viatu vya kila namna pale, buti, kandambili, vya visigino virefu vya dada mmoja mhasibu, vya watoto wadogo vya kufunga kwa kamba. Nikamwambia Mama Mlezi, "Mama, wageni wameongezeka, nikate mbao za vitanda vipya?" Akanigusa bega, akasema, "Vitanda vinatosha, fundi." Nikasema sawa. Kweli kila ninapopita mabwenini naona vipo wazi.

Kuna jengo jingine huko juu zaidi, linaitwa Nyumba ya Juu. Wale ambao sala zao zimeiva ndio wanaopandishwa huko. Hawashuki, wanaendelea na mfungo mrefu. Chakula kinachopanda ni kidogo sana, wanasema waliofika huko hawakihitaji. Asubuhi wanaimba, na mimi muziki naujua, nilikaribia kuwa mwalimu wa kwaya kama si wivu wa watu. Wanaimba sauti zote nne, mpaka randa yenyewe inafuata mapigo.

Kuhusu maswali yako. Nimemuuliza Mama Mlezi habari za dawa. Alitabasamu, akasema dawa zinaachwa langoni pamoja na viatu, hapa Tabibu ni mmoja. Ya viatu vya kitambaa nayo akasema hivyo hivyo, ila kwa tabasamu refu zaidi. Wewe usihofu. Mimi nina sauti hapa. Nikikohoa tu, kikao kinaahirishwa. Nitamsemesha taratibu.

Kwa sasa ongeza kwenye mzigo soksi nzito, jozi kadhaa. Soksi si viatu, tutawapitia hapo.

Mjomba wako,
Fundi Randa, mpima nyoka


Tarehe 6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua imeanza, bati linavuja pale pale ulipoliziba ukasema halitavuja tena mpaka kiama. Mama anakusalimu. Nyoka wako tumemgawa mpaka amebaki mjusi.

Kuna jambo sikuandika mara ya kwanza, kwa sababu Mama alikataza. Mwezi wa Januari walimkata kidole cha mguu wa kushoto. Hakutaka ujue, alisema utakuja mbio na kelele zako. Sasa umejua. Kwa hiyo suala la dawa na viatu si la kusemesha taratibu. Bila dawa Mama hafiki wiki mbili. Mwambie huyo Mama Mlezi hivyo hivyo, na kama hakubali, haji.

Mama hasikii. Anasema nina imani ndogo. Jana tumegombana, kitu ambacho hatukifanyi. Kaniambia, "Kaka yangu yuko pale, nitaogopa nini?" Unaona ulivyotufikisha.

Na kuna kitu kinanikereketa. Mimi ni fundi cherehani, Mjomba. Nikishona suruali najua kuna miguu itaingia humo. Wewe unasema viatu vimeongezeka mpaka ukuta mzima, na vitanda havijaongezeka, na tena viko wazi. Hao wenye viatu wanalala wapi? Wakiondoka si wangechukua viatu vyao? Umewahi kuona mtu akichukua viatu?

Yule mchungaji wako mnene alisharudi kwake?

Nijibu haya tu. Hadithi nyingine zisubiri.

Mpwa wako


Tarehe 18 Mei

Mpwa wangu,

Nimechelewa. Salamu zenu nilizipokea, za kidole cha dada yangu pia. Nilikaa juu ya gogo nikapiga kazi bila kusema na mtu siku nzima, na unajua mimi kunyamaza ni ugonjwa. Angeniambia. Mimi ningemchongea kidole cha mbao ya mninga ambacho vingine vingekionea wivu.

Sikushuka dukani mapema kwa sababu nilipewa kazi kubwa kuliko zote. Mlango wa Nyumba ya Juu. Mpwa wangu, nimetengeneza milango ya benki, ya maghala, ya jela ya wilaya, lakini huu! Mbao mbili mbili, nene, zimelaliana kwa ndani, bawaba za chuma, fremu imeingia ukutani kama jino. Komeo lake la chuma lipo upande wa nje. Wanasema ni kwa ajili ya wanyama. Mlango huu ukishafungwa, tembo akiusukuma ataomba radhi. Akiwa ndani, binadamu yeyote, hata awe na msumeno, hata awe mimi, hatoki. Nilipoumaliza niliupiga teke mwenyewe nikachechemea hadi leo. Kazi ya maisha yangu ile.

Nilimuuliza Mama Mlezi, "Mama, wanyama gani wanaozuiliwa kwa komeo la nje?" Akasema, "Fundi, wewe una maneno mengi. Maneno ni mzigo pia. Siku moja utayaacha langoni." Akacheka. Mimi nikacheka. Nikarudi kunoa patasi ambayo ilikuwa tayari kali.

Mchungaji hajarudi kwake. Viatu vyake vipo, vyeusi, vipana, nilikuwa napita navifuta vumbi kwa kuheshimu umbo lake. Nimeviangalia tena baada ya barua yako. Buibui amejenga ndani ya kile cha kulia.

Sijaona mtu akichukua viatu. Umeuliza, nimejibu.

Ile kwaya ya juu siku hizi haiimbi sauti nne. Kwanza sikuisikia besi. Nikadhani upepo. Sasa imebaki sauti moja ya kike, nyembamba, inaanza wimbo inauacha katikati. Ukiusubiri umalizike, haumaliziki.

Basi kuhusu mzigo, nimefikiri upya. Kama atakuja mtu, na sisemi aje, abebe viatu jozi mbili. Moja ya kukabidhi langoni, ya pili iviringishwe ndani ya blanketi, chini kabisa. Dawa iingie ndani ya soksi, soksi ndani ya soksi. Tochi iwe na betri mpya. Na chumba kile cha jua la asubuhi nimekirudisha, kina unyevu. Ndio, kina unyevu, na barabara imekatika kwa mvua, na daraja limebebwa, na kuna nyuki. Mwambie dada yangu asije sasa hivi. Mwambie chochote. Hii usiigawe kwa mbili.

Mimi nitakuja mwenyewe nikimalizia rafu. Wamesema ipite na upande wa nyuma.

Mjomba wako


Tarehe 11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo kidogo. Paka kazaa, kumbe mwizi alikuwa anaiba kwa ajili ya wengine, tumemsamehe.

Nimeisoma barua yako peke yangu, sikumsomea. Nilimwambia umeandika kwamba kuna ukarabati. Akanitazama akasema, "Hujui kudanganya, hukurithi kwake." Begi la kahawia bado liko mlangoni. Kila mtu anayeingia analiruka.

Mjomba, usimalizie rafu. Acha mbao, acha randa, acha patasi, shuka kama ulivyo. Ukifika tutakusikiliza hadithi zote na hatutagawa hata moja. Mama atakaa kwenye kiti chake, mimi nitazima cherehani, na wewe utatuambia ulivyopigana na mlima ukaushinda. Nitaamini. Naapa nitaamini.

Nimempigia simu Bwana Msumari. Amesema hujashuka kununua kitu tangu ulipoacha ile barua, na kwamba mara ya mwisho walikuja vijana wawili badala yako, peku, wakaomba misumari mirefu tu. Alipowauliza habari zako walisema fundi yupo, anapumzika.

Wewe na kupumzika wapi na wapi?

Jibu hata kwa mstari mmoja.

Mpwa wako


Tarehe 21 Julai

Mpwa wangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Natumaini wewe na mama yako ni wazima.

Nimepandishwa Nyumba ya Juu. Hapa ni pazuri. Tunasali. Mimi ni fundi wa kawaida na nilikuwa na maneno mengi, sasa nimeyaacha. Viatu vyangu viko langoni, rafu ya juu, karibu na vya mchungaji.

Mwambie mama yako aje. Mje wote wawili. Mzigo hauhitajiki. Blanketi halihitajiki. Dawa haihitajiki. Nafasi ipo.

Mjomba


Tarehe 3 Agosti

Mjomba wangu Fundi Randa, mlaza watakatifu, mpima nyoka, mwenye mguu uliosimamisha kiwanda,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa kuwa ile ya barua ya Juni sijui kama imefika. Barua hii naiandikia kwenye kaunta ya Bwana Msumari, chini ya mlima wako. Ataiweka ndani ya boksi la misumari iwapo wale vijana watashuka leo. Kama hawakushuka, nitakupa mkononi kesho.

Barua yako ya Julai niliisoma kwa sauti mbele ya Mama kabla ya kuipitia, na sijui kama nilikosea. Nilipomaliza alisema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akavua kilemba, akakiweka mapajani. Akasema, "Mwandiko ni wake. Huyu si kaka yangu. Kaka yangu hajawahi kuwa wa kawaida hata siku alipougua surua, alisema vipele vyake vinang'aa gizani." Kisha akaniuliza kama kuna nusu ya kugawa. Tulitafuta, Mjomba. Tulipita neno kwa neno. Hakuna hata tone la uongo mle, na ndipo Mama alipoanza kulia. Sasa nikamsomea na ile ya Mei.

Tulikwenda kituo cha polisi pamoja, yeye na fimbo yake. Askari wa zamu alisoma barua zako zote akicheka. Alifika kwa nyoka akamwita mwenzake. Alipofika ya mwisho akasema, "Mama, hii ndiyo yenye nafuu kuliko zote. Mtu ametulia, anawaalika. Shida iko wapi?" Mama akamwambia, "Mwanangu, hizo ulizochekea ndizo zinazoonyesha mtu mzima. Hiyo ya mwisho kaandikiwa na hofu." Askari akasema hofu siyo kosa la jinai. Tukakaa kwenye benchi lao. Mama alisema hatutoki, na mguu wake akaunyoosha katikati ya njia ili kila mpitaji auruke kama begi letu. Mwishowe akatoka mkubwa wao, dada mmoja asiyecheka, akachukua barua zile akazisoma kwa kusimama. Hakuuliza habari za nyoka wala mchungaji kupaa. Aliweka kidole kwenye rafu. Akampigia Bwana Msumari, akamuuliza amekuuzia misumari kiasi gani ya rafu, na kiasi gani ya vitanda. Alipokata simu hakutuambia jibu. Alisema tu, "Nani anajua njia ya kwenda huko?"

Tunapanda kesho asubuhi, magari matatu, na daktari. Mama yupo nyumbani kwa Bwana Msumari, dawa yake ipo ndani ya friji ya mkewe, viatu vyake vya kitambaa viko miguuni. Nimemkataza kupanda. Amesema atafikiria, maana yake atakuwa kwenye gari kabla yangu.

Hapa chini hakuna kinachosikika. Jana nilisimama nje ya duka asubuhi nzima, upepo ukitokea huko kwenu. Bwana Msumari anasema zamani walikuwa wanasikia nyimbo mpaka sokoni. Nilisikiliza kama kuna hata ile sauti moja nyembamba. Nilisikia mbuzi tu.

Kuhusu mzigo. Begi la kahawia lipo hapa miguuni pangu. Mama amelipangua mara ya mwisho. Alitoa blanketi, akatoa mashuka, sahani, Biblia akaishika mkononi, na humo ndani amejaza viatu. Vyake vya zamani, vyangu, vya marehemu Baba ambavyo Mama alikuwa amekataa kuvigawa, na vingine ameomba kwa majirani nyumba kwa nyumba bila kuwaambia ni vya nini. Anasema hatujui rafuni watavikuta au wameshavichoma, na watu hawawezi kushuka mlima ule wa mawe peku. Juu kabisa ameweka vyako vile vya harusi yake, ulivyosema vimekubana ukaviacha. Amevipaka rangi. Sijamwambia kwamba begi ni dogo kuliko ukuta uliouandika wewe.

Nimebakiza jambo moja, Mjomba. Miaka yote hii nimekugawa kwa mbili, kwa nne, kwa kumi, na siku nyingine nilikuchekea mbele ya wageni. Sijui komeo lile mmeshafungiwa tangu lini, sijui kama nyuma yake bado kuna anayeweza kunyanyua mkono. Ila najua nani aliutengeneza mlango ule, na najua aliniandikia nini: kwamba tembo akiusukuma ataomba radhi, kwamba aliye ndani hatoki hata awe yeye mwenyewe.

Nakuomba, kwa mama yangu aliyebeba viatu, kuhusu huo mlango uwe ulitudanganya.

Mpwa wako